Majina Yanayokosekana Katika Jarida la Wakutubi

Katika majarida mengi ya kitaaluma, toleo la mwisho wa mwaka hubeba ukurasa usiosomwa. Hauna ikisiri, hauna marejeo, hauingizwi kwenye faharasa. Mhariri huandika aya moja au mbili za kuwashukuru wote waliofanikisha kazi ya mwaka, huwatakia heri, kisha linafuata jalada la nyuma. Baadhi ya majarida huorodhesha majina ya wahakiki kwa alfabeti. Mengine huishia kwenye neno “wote”. Ninavyoona mimi, ukurasa huo ni kumbukumbu ya kitaaluma sawasawa na makala zilizoutangulia, na jarida la ukutubi linalouandika ovyo lina kosa kubwa kuliko jarida la kemia au la uchumi. Mkemia anaweza kusema kazi yake ni kemia. Mkutubi hana pa kujifichia, maana kueleza nani alifanya nini juu ya andiko fulani ndiyo kazi anayolipwa mshahara kuifanya.

Ushahidi uko kwenye zana zake mwenyewe. Maktaba ya Congress ya Marekani hutunza orodha ya misimbo ya wahusika ambayo huambatishwa kwenye rekodi za katalogi za mfumo wa MARC, unaotumika duniani kote, Afrika Mashariki ikiwamo. Karibu kila aliyeligusa andiko amepewa herufi tatu zake: mwandishi ni aut, mhariri edt, mfasiri trl, mchoraji ill. Orodha haiishii kwa hao wakubwa. Aliyejalidi kitabu ana bnd, aliyetengeneza karatasi ana ppm, msoma prufu ana pfr. Hata mdhibiti aliyekata maneno yasiyompendeza ana herufi zake, cns. Umo pia msimbo rev, lakini maelezo yake yanamhusu mtu anayeandika mapitio ya kitabu, filamu au onyesho ambalo hadhira imeshaliona. Yule aliyeusoma mswada ukiwa bado mbichi, akaurudisha na kurasa tatu za maswali, inabidi ajibanze humo au aachwe nje. Nao mfumo mpya zaidi wa kutaja michango ya watafiti, uitwao CRediT, ambao ulifanywa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2022, una nafasi 14 kuanzia kubuni wazo hadi kutafuta fedha, na zote 14 ni za waliotayarisha makala. Taaluma iliyomkumbuka mtengeneza karatasi imemsahau msomaji wake wa kwanza.

Anayedhani huyo msomaji wa kwanza hafanyi la maana hajaitazama kazi yenyewe kwa karibu. Tuseme umewasilishwa mswada kuhusu matumizi ya rasilimali za kielektroniki miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu, mada ambayo majarida ya ukutubi barani Afrika huipokea mara kwa mara. Mwandishi anasema aligawa madodoso 200 akarejeshewa 164, lakini kwenye Jedwali la 3 jumla ya waliojibu inafika 171. Asilimia za Jedwali la 5 zimekokotolewa kwa 200. Hitimisho linasema wanafunzi hawatumii hifadhidata kwa sababu hawakufundishwa, ilhali dodoso halikuwauliza kama wanaweza kuzifungua wakiwa nje ya kampasi, wala kama mtandao wa bweni unafanya kazi. Marejeo mawili yametajwa ndani ya makala na hayamo kwenye orodha. Kuyaona haya kunahitaji mtu mwenye ujuzi wa takwimu, mwenye kuyajua mazingira ya maktaba zetu, na mwenye subira ya kujumlisha safu za majedwali ya mtu mwingine usiku, baada ya zamu ya kaunta. Anaandika maoni, anapendekeza marekebisho makubwa, na miezi miwili baadaye mswada unarudi kwake ausome upya. Makala ikitoka, mwandishi amepata chapisho na jarida limepata toleo. Mhakiki amepata barua pepe iliyotungwa na mfumo, yenye jina lake likiwa limekosewa herufi.

Kwa ukubwa, kazi hii inatisha. Balazs Aczel na wenzake wawili walijaribu kuipima katika makala waliyochapisha mwaka 2021, na makadirio yao ni kwamba katika mwaka 2020 pekee wahakiki wa dunia nzima walitumia zaidi ya saa milioni 100 kusoma miswada, muda unaozidi miaka 15,000 ukiupanga mfululizo. Kwa wahakiki walioko Marekani peke yao, saa hizo zikigeuzwa kuwa mishahara zinapita dola bilioni 1.5. Utafiti mwingine, wa Michail Kovanis na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, uliangalia sayansi za tiba na kukuta kwamba asilimia 20 ya watafiti ndio walioubeba mzigo wa asilimia 69 hadi 94 ya uhakiki wote. Kwangu mimi takwimu hii ya pili ina uzito kuliko ile ya mabilioni. Inaonyesha shukrani ya jumla inafanya nini hasa. Mhariri anapowashukuru wote kwa pamoja, huwaweka kwenye mstari mmoja aliyesoma miswada sita na aliyekubali mmoja akaukalia hadi mhariri akakata tamaa. Maneno yanaonekana ya upole, lakini matokeo yake ni kwamba wachache wanaochoka hawajulikani, na jarida lenyewe baada ya miaka mitano haliwezi kusema lilisimama kwa mgongo wa nani.

Kumbukumbu ya aina hii huweza kulala miongo kadhaa kisha ikawa na faida ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1936 Albert Einstein, akishirikiana na Nathan Rosen, alipeleka kwenye jarida la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, aliipeleka kwa mhakiki, na maoni ya kurasa kumi yakarudi yakionyesha kasoro. Einstein alikasirika kwamba mswada wake umeonyeshwa mtu kabla ya kuchapwa, akauondoa, akaupeleka kwingine. Lakini kabla haujatoka alibadili hitimisho lake, na makala iliyochapishwa mwaka 1937 katika Journal of the Franklin Institute ilikuwa imesahihishwa. Ndani yake alimshukuru mwenzake wa Princeton, Howard Percy Robertson, kwa msaada wa kirafiki wa kulitambua kosa la awali. Ni mwaka 2005 tu ambapo mwanahistoria Daniel Kennefick alieleza hadharani, kwa ushahidi wa daftari la jarida lililokuwa limehifadhiwa, kwamba mhakiki asiyetajwa alikuwa Robertson huyohuyo. Einstein alimshukuru mtu yule yule aliyekuwa amemkasirikia, na kwa dalili zote hakujua. Hadithi hii hupendwa kwa sababu ya utani wake. Mkutubi angeipenda kwa sababu nyingine: kwa karibu miaka sabini daftari lilitunzwa, safu ya jina la mhakiki ikiwa imejazwa, mpaka akapatikana mtu wa kuuliza swali. Jarida ambalo mawasiliano yake yote yamo kwenye sanduku la barua pepe la mhariri mmoja, ambaye mwakani anastaafu, halitakuwa na la kumjibu Kennefick wake.

Wala tusijione kwamba desturi ya kuandika majina ya waliolihudumia andiko ni ya kuigwa kutoka nje. Nakala za maandishi ya Kiislamu zimekuwa zikibeba tamati ya mnakili: jina lake, tarehe aliyomaliza, mara nyingi na ombi la dua. Wengine waliongeza alama za kuthibitisha kwamba nakala imelinganishwa na asili yake, na katika vikao vya kusoma kitabu mbele ya mwanachuoni yaliandikwa hata majina ya waliohudhuria na kusikiliza. Kulinganisha nakala na asili ni uhakiki kamili, na waliofanya kazi hiyo hawakuona haya kuiandikia ushahidi. Pwani yetu imo katika desturi hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki katikati ya miaka ya 1940, alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na leo mtafiti wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuzungumzia nakala hizo bila kumtaja, kwa sababu mkono wa mnakili ni sehemu ya historia ya utenzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili na Kiarabu ambao J. W. T. Allen aliutolea katalogi mwaka 1970. Katalogi ya namna hiyo huishi kwa habari ndogondogo kama hizo: nani alinakili, kutoka kwa nani, lini. Ajabu ni kwamba chini ya paa la maktaba moja mtaalamu anaweza kushinda wiki nzima akitafuta jina la mnakili wa karne ya kumi na tisa, huku jarida la maktaba likifunga mwaka bila kuandika ni nani walioisoma miswada yake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuwataja wahakiki ni la siri, nalo ni zito. Uhakiki katika majarida mengi hufanywa kwa kufichana: mwandishi hamjui mhakiki, na mara nyingi mhakiki hamjui mwandishi. Ukianza kutaja majina, watu wataogopa kusema kweli, hasa kijana anapousoma mswada wa mtu ambaye kesho atakaa kwenye kamati ya kumpandisha cheo. Ushahidi wa majaribio, hata hivyo, si mbaya kama hofu yenyewe. Jarida la BMJ lilichapisha mwaka 1999 jaribio la Susan van Rooyen na wenzake lililowagawa wahakiki kwa bahati nasibu, wengine wakiambiwa majina yao yatajulikana kwa mwandishi. Ubora wa maoni haukupungua wala kuongezeka kwa kiasi cha maana. Kilichoongezeka ni idadi ya waliokataa kazi. Mwaka uliofuata, British Journal of Psychiatry lilitoa jaribio la Elizabeth Walsh na wenzake, ambamo maoni yaliyotiwa saini yalionekana kuwa bora zaidi na yenye adabu zaidi, ingawa yalichukua muda mrefu na yalielekea kupendekeza makala ikubaliwe. Hilo la mwisho sitaki kulifunika: upole unaoletwa na saini unaweza kuwa woga. Kwa hiyo siwezi kusema kila jarida liweke saini chini ya kila maoni.

Lakini shukrani haihitaji hatua hiyo. Orodha ya mwaka mzima, isiyomfunganisha mtu na mswada wowote, inamtaja mhakiki na kuiacha siri palepale ilipokuwa. Tatizo la kweli liko kwenye majarida madogo. Jarida linalotoa toleo moja lenye makala tano kwa mwaka, katika nchi ambayo wenye shahada za uzamivu za ukutubi wanafahamiana kwa sura na kwa simu, likitoa orodha ya majina manane limeshatoa nusu ya siri. Hapo dawa ni kuikusanya miaka miwili au mitatu pamoja, kuwachanganya waliosoma miswada iliyokubaliwa na waliosoma iliyokataliwa, na kualika wahakiki kutoka nje ya nchi ili kundi lipanuke, jambo ambalo jarida linalihitaji hata kama hakuna suala la shukrani. Na wale walio tayari kujulikana wana mfano wa kufuata. In the Library with the Lead Pipe, jarida la wakutubi lililoanza Marekani mwaka 2008, huendesha uhakiki wa wazi ambamo mwandishi na wahakiki wake wanajuana tangu mwanzo, na mwishoni mwa makala mwandishi huwashukuru kwa majina. Anayesoma makala hizo anaona mara moja ni nani alibishana na nani kabla ya maneno kutulia. Simwambii mhariri yeyote wa Dodoma au Eldoret aige mtindo huo mzima. Nasema tu kwamba wakutubi wenzake wameujaribu, na jarida bado lipo.

Mpingaji wa pili atasema: acheni maneno, walipeni. Shukrani ya punda ni mateke, na shukrani ya jarida ni kutumiwa mswada mwingine. Hoja hii naiheshimu, hasa mhakiki anapomdai mchapishaji anayeuza usajili kwa bei ya kumkosesha mkutubi usingizi. Raj Chetty, Emmanuel Saez na László Sándor waliifanyia jaribio kwa wahakiki wapatao 1,500 wa Journal of Public Economics, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Wengine walipewa muda mfupi zaidi, wengine waliahidiwa dola 100 wakiwahi, wengine waliambiwa kwamba muda waliotumia utatangazwa. Fedha iliharakisha kazi na haikuharibu ubora, kinyume na wanaodai kwamba malipo huua moyo wa kujitolea. Lakini mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Kufupisha tu muda kutoka wiki sita hadi nne, bila senti moja, kulileta matokeo makubwa pia. Na maprofesa wenye ajira ya kudumu, watu wasiobabaishwa na dola 100, waliguswa zaidi na suala la kutajwa hadharani kuliko walivyoguswa vijana. Kwa jarida la idara au la maktaba ya chuo, ambalo bajeti yake yote ni kompyuta ya mhariri na saa za fundi mitambo, mjadala wa malipo ni wa siku za mbali. Kutajwa kunawezekana leo. Tena haya mawili hayapingani, kwa sababu jarida lisilojua nani alifanya nini halitajua vilevile limlipe nani.

Ndugu yake pingamizi hilo ni lile la wakuu wa idara: mhadhiri analipwa na chuo, kuhakiki ni wajibu wa taaluma, basi shukrani za nini? Kwa mhadhiri pengine. Wachangiaji wa jarida la ukutubi, hata hivyo, si wahadhiri watupu. Wamo wakutubi wa maktaba za umma, za mahakama, za hospitali, za mashirika ya utafiti. Wamo watumishi wa taasisi kama Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, yenye mizizi katika sheria ya mwaka 1963. Hawa wana zamu, wana kaunta, wana vitabu vya kuorodhesha, na maelezo yao ya kazi hayasemi chochote kuhusu kusoma miswada ya jarida la chuo kikuu. Saa wanazotoa ni zao. Hata kwa mhadhiri mwenyewe wajibu huo ni wa maneno matupu, maana kamati ya kupandisha vyeo ikikaa, jicho linakwenda kwenye makala na vitabu. Uhakiki ukitajwa hutajwa pembeni, tena mara nyingi bila uthibitisho wowote zaidi ya neno la mwombaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mhakiki wetu anacheza kwao na hata waliokuja kutazama hawamwoni.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na sijawahi kuona likijibiwa vizuri. Majina yenyewe yamekuwa biashara. Jeffrey Beall, wakati huo mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alitumia miaka kadhaa kuorodhesha wachapishaji walaghai, mpaka Januari 2017 alipoiondoa orodha yake. Miongoni mwa dalili za ulaghai ni bodi za uhariri zilizojaa wasomi maarufu wasiojua kwamba wamo. Mwaka huohuo wa 2017, Piotr Sorokowski na wenzake wa Poland walieleza katika Nature jinsi walivyobuni msomi asiyekuwepo, Anna O. Szust, mwenye shahada za uongo na bila uzoefu wowote wa uhariri, wakamwombea kazi ya uhariri katika majarida 360. Majarida 48 yalimkubali. Na mwaka 2014 mchapishaji SAGE aliondoa makala 60 kutoka Journal of Vibration and Control baada ya kugundua genge la wahakiki bandia, wengine wakiwa ni anwani za barua pepe zilizotengenezwa na mwandishi ili ajihakiki mwenyewe. Basi orodha ndefu ya majina mwishoni mwa toleo inathibitisha nini? Peke yake, haithibitishi kitu. Jarida la kitapeli linaweza kuwashukuru watu mia mbili kwa lugha tamu kuliko jarida la kweli.

Ila ukilichunguza pingamizi hili utaona linazipiga zaidi shukrani za jumla kuliko orodha iliyoandikwa kwa uangalifu. Anna O. Szust alipenya kwa sababu hakuna aliyesumbuka kuhakikisha kwamba yupo. Wahakiki bandia wa mwaka 2014 walipenya kwa sababu mfumo ulitosheka na anwani ya barua pepe. Jina lililoandikwa pamoja na taasisi ya mtu, aina ya kazi aliyoifanya, mwaka alioifanya, ridhaa yake, na namba ya ORCID, ule utambulisho wa watafiti ulioanza mwaka 2012, linaweza kuulizwa swali. Mtu yeyote anaweza kumwandikia mwenye jina na kumuuliza kama ni kweli. Ulaghai hauvumilii kuulizwa. Ni kanuni ileile ya kuthibitisha majina ambayo kila mkutubi anaijua kutokana na kutenganisha waandishi wawili wenye jina moja kwenye katalogi: kina Juma Hamisi wawili hawachanganyiki ukiwapa kila mmoja mwaka wake wa kuzaliwa na kazi zake. Taaluma ina mbinu tayari, imekosa tu kuielekeza ndani ya nyumba yake.

Kwamba wachangiaji ndio jarida lenyewe, wakutubi wenyewe wamelithibitisha kwa vitendo zaidi ya mara moja. Baada ya kampuni ya Elsevier kumnunua mchapishaji wa Journal of Academic Librarianship mwishoni mwa miaka ya 1990, wajumbe wa bodi walijitoa, na kundi lao likaanzisha portal: Libraries and the Academy, lililotoka mwaka 2001 kupitia Johns Hopkins University Press. Machi 2013, mhariri Damon Jaggars na bodi nzima ya Journal of Library Administration walijiuzulu kwa sababu ya mikataba ambayo Taylor & Francis ilikuwa ikiwapa waandishi; leseni iliyolegezwa ilipatikana, lakini kwa dola 2,995 kwa kila makala. Januari 2019 bodi ya Journal of Informetrics ikafanya vivyo hivyo na kuanzisha Quantitative Science Studies. Katika kila tukio jina la jarida, nembo, tovuti na matoleo ya nyuma yalibaki kwa mchapishaji. Kilichoondoka ni watu. Sidai kwamba walijiuzulu kwa kukosa shukrani. Ugomvi ulikuwa wa mikataba na bei. Ila matukio haya yanawajibu wanaosema jarida ni la mwandishi na mchapishaji, na waliobaki ni wasaidizi.

Jarida letu la kawaida haliko kwenye vita hivyo. University of Dar es Salaam Library Journal, kwa mfano, hutolewa na maktaba ya chuo chenyewe na linasomwa kupitia African Journals Online, jukwaa lililoanza mwaka 1998 na ambalo sasa linabeba mamia ya majarida ya bara hili. Hakuna mchapishaji wa ng’ambo wa kugombana naye. Majarida ya aina hii huishi kwa hisani ya watu wachache wasiolipwa, hivyo kuwataja ni suala la uhai wao kuliko ilivyo kwa jarida tajiri lenye ofisi na makarani. Mhariri mpya anayepokea kiti anahitaji kujua nani amehakiki nini, nani hujibu kwa wakati, nani anajua takwimu, nani anajua nyaraka za Kiarabu. Orodha zilizochapishwa kwa miaka kumi zingempa nusu ya majibu hayo kabla hajampigia mtu simu.

Ukurasa wenyewe hauhitaji gharama wala kamati. Uwe na kichwa chake kwenye yaliyomo, namba za kurasa, jina la mhariri aliyeuandika na mwaka unaohusika. Uwatenge wahakiki na wahariri wa sehemu, wasoma prufu, wasanifu wa kurasa na fundi anayeutunza mfumo wa mtandaoni, kila kundi kwa kazi yake, badala ya kuwamimina wote kwenye kikapu cha “wadau”. Ueleze kwa sentensi moja jinsi siri ya uhakiki ilivyolindwa. Asiyetaka kutajwa asitajwe, na idadi ya waliokataa iandikwe. Mhakiki apewe barua yenye mwaka na idadi ya miswada aliyoisoma, iliyosainiwa, ambayo kamati ya vyeo inaweza kuilinganisha na orodha iliyochapishwa. Kisha ukurasa upakiwe kwenye jukwaa kama faili inayojitegemea, pamoja na makala za toleo hilo, na ikiwezekana upewe namba ya DOI, maana matoleo mengi siku hizi husomwa makala moja moja, na karatasi iliyoachwa ndani ya faili kubwa la toleo zima haitafutiki. Daftari kamili, lile linalomwunganisha mhakiki na mswada, likabidhiwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo likiwa limefungwa kwa miaka itakayokubaliwa, hamsini au zaidi, na wahakiki waambiwe hivyo siku wanapokubali kazi.